Elinami, Baiskeli Yako Hii

Akheri, nyumbani kwa Sumari,
Barua hupitia Misheni,
Arusha.
26 Machi 1955

Mpendwa mjukuu wangu Elinami,

Marahaba. Najua hata kabla hujaifungua barua hii umeshaniamkia, maana nilikulea mimi, basi nimeitikia. Hujambo lakini? Kile kifua kimepona? Joto la Tanga bado linakunyima usingizi? Na unakula nini huko? Nijibu hayo yote, moja moja, usiniandikie tena "mimi ni mzima" halafu ukanyamaza. Mtu aliye mzima ana mengi ya kusema.

Sisi huku tunakwenda hivyo hivyo. Mvua zimeanza na zimeanza kwa fujo. Mlima hatujauona tangu Jumapili iliyopita, umejifunika mawingu hadi magotini. Ng'ombe mweusi amezaa, ila amezaa dume, nami nilitaka jike. Migomba ya upande wa mfereji imeangushwa na upepo, tunakula ndizi mbichi kwa kulazimishwa. Nyonga yangu ya kushoto ni ile ile, ikinyesha inauma, isiponyesha inakumbuka ilivyouma.

Anayeandika ni mama yako Lydia. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asipunguze ukali wa neno langu hata moja, maana namjua, anakuhurumia kupita kiasi. Akimaliza atanisomea, na nikisikia pameruka neno ataandika upya ukurasa mzima hata kama ugali unaungua.

Sasa, baiskeli.

Imefika. Asante. Hiyo asante umeshaipata, usiitafute tena katika barua hii.

Elinami, hivi uliiangalia kabla ya kuipandisha kwenye treni? Baba yako alikwenda kuipokea stesheni Arusha akarudi ameikokota njia nzima, na watu nyuma yake kama wanafuata arusi. Baiskeli za watu wengine huku ni nyeusi, nyembamba, zinapita penye kijia cha mbuzi. Hii yako ni nyekundu, imenona. Matairi yake ni manene kama mkono wangu ulivyokuwa zamani nilipokuwa na nyama. Usukani umepanuka kama pembe za fahali, haupiti katikati ya migomba bila kuchana majani pande zote mbili. Na kile chuma cha katikati, ambacho baiskeli ya mwanamume hukivuka kwa mguu, hiki kimeinama hadi chini ili mwanamke apite na gauni lake. Watu wameona. Wazee pale kanisani walimwuliza baba yako kama na kofia yenye maua imekuja pamoja nayo.

Mama yako anasema nikueleze kwamba hukujua, kwamba Mmarekani wako mnunuzi wa mkonge alikuuzia baiskeli ya mkewe aliyerudi kwao nawe ukafurahi tu. Sawa. Lakini macho unayo.

Nakumbuka kwa nini uliituma, usidhani nimesahau. Ulipopata habari ya kwamba shangazi yako Evaresta amemzika mtoto wa pili, uliandika kwamba safari ijayo Bibi hatachelewa. Niliposomewa hayo nililia mbele za watu, nami si mtu wa kulia mbele za watu. Mara zote mbili kitovu kilimzunguka mtoto shingoni, na mara zote mbili mimi nilikuwa bado njiani, naburuta nyonga hii kwenye kile kilima. Mara ya kwanza nilifika mtoto ameshafunikwa. Mara ya pili alikuwa bado ana joto. Mikono hii imepokea watoto wa kijiji hiki chote, na wewe ukiwemo, tena wewe ulitanguliza miguu, mkaidi tangu siku hiyo. Kitovu kilichokaa vibaya nakijua hata nimefumba macho. Ila mikono haiwezi kwenda peke yake, inabebwa na miguu.

Sasa Evaresta ana mimba ya tatu na tumbo limeshashuka. Mama yako alikwenda kumwona Alhamisi akarudi akanitayarishia kikapu changu cha ukunga.

Utaniuliza kwa nini haendi hospitali ya misheni. Mimi siipingi hospitali, Mungu awabariki. Lakini uchungu wa Evaresta hauji kama wa wanawake wengine, unaanza chai inapochemka na kabla haijapoa mtoto yuko mlangoni. Mara zote mbili walimbeba kumpeleka, mara zote mbili hawakufika hata mtoni. Utaniuliza kwa nini hakuja kukaa kwangu. Simaloi, mama mkwe wake, hataki, anasema mtoto wa mwanawe azaliwe kwenye boma la baba yake, na nimebishana na yule mama mpaka nimekaukiwa na mate. Utaniuliza tena kwa nini mimi nisiende kukaa huko nikangoja. Hapo nitajua kwamba Tanga imekuharibu. Tangu lini mama mkwe akalala kwa mkwe wake? Lemburis, mume wa Evaresta, na mimi tuna miaka tisa hatujaangaliana usoni. Nikija njiani yeye hutoka njiani. Akija yeye mimi hujifunika kanga na kugeukia migomba. Hakuna ugomvi, ni heshima, na mtu akiniambia niivunje uzeeni nitamrudisha kwao.

Basi ndivyo baiskeli yako ilivyotukuta. Sikiliza sasa taabu zake.

Wa kwanza kuipanda ni baba yako. Alisema hataipanda, ni ya kike, mpaka alipoona hakuna anayetazama. Akashuka nayo kutoka kwenye mti wa mringaringa kuelekea chini, vizuri kabisa, anapiga na kengele. Alipoona inakwenda kasi akatafuta breki mkononi. Hakuna. Elinami, baiskeli hii haina breki mikononi. Akapumzisha miguu kwa kuzungusha pedeli kinyumenyume kama wanavyofanya kwenye baiskeli zao za Kiingereza, na kumbe breki ndiyo hiyo, ukirudisha pedeli nyuma gurudumu linakamatwa papo hapo. Baiskeli ikasimama. Baba yako hakusimama. Tulimtoa kwenye mfereji amevunjika mkono wa kulia, sasa ameufunga na ubao, na maji ya shamba la watu yalikuwa yamezibwa na yeye. Hata kushika jembe hawezi, sembuse usukani.

Mtu pekee anayeijua baiskeli ya namna hii ni Lemburis. Alipokuwa kibarua kule Momela kwa yule mzungu wa ng'ombe, mke wa mzungu alikuwa na kama hiyo, na yeye ndiye aliyekuwa akiisafisha na kuipeleka na kuirudisha. Anaweza kuiendesha kwenye matope akiwa na gunia la mahindi kwenye keria. Wanawake wa kanisa waliposikia hivyo wakafurahi, wakasema Mungu amejibu. Nikawauliza, gunia la mahindi ni mama mkwe wa nani? Nikae mimi nyuma ya mkwe wangu, nimshike kiuno, gauni langu likipepea mgongoni kwake, tupite hivyo sokoni Tengeru? Heri nitambae kwa magoti.

Nikafikiri siku nzima. Kisha nikamwambia mama yako, basi mimi ndiye nitakayekaa mbele niiendeshe, na Lemburis asukume kutoka nyuma kwa mti mrefu uliofungwa kwenye keria, aangalie chini, mimi niangalie mbele, hakuna atakayemwona mwenzake. Mama yako alicheka mpaka akaketi chini. Hapa ameacha kuandika anacheka tena. Andika, Lydia.

Lemburis alipopelekewa neno hilo hakucheka. Alikata mti.

Ila sasa miguu yangu haifiki kwenye pedeli. Huyo mke wa Mmarekani alikuwa mwanamke au twiga? Nikikaa kwenye kile kiti, kipana kweli, sikatai, kinanikaa vizuri kuliko kigoda changu, miguu inaning'inia kama ya mtoto kanisani. Na breki iko miguuni. Sisi tuko juu, mto Nduruma uko chini, kwa Evaresta ni ng'ambo yake, na katikati ni mteremko wa utelezi mtupu. Asiyefikia pedeli hasimami mpaka mtoni.

Nikasema kiti kishushwe. Ni kazi gani hiyo, ni nati moja tu chini ya kiti. Baba yako, na mkono wake mmoja, akaipeleka mjini Arusha kwa fundi. Fundi akatoa spana zake zote. Zote ni za baiskeli za Kiingereza, na nati hii ni ya Kimarekani, spana hii ni kubwa, inayofuata ni ndogo, katikati hakuna kitu. Akachukua nyundo. Akaipiga ile nati mpaka pembe zake zote zikaisha, sasa ni duara kama shanga, hata ukileta spana ya malaika haishiki. Halafu akaipaka mafuta na kusema imeshika kutu ndani. Baba yako akamshukuru. Nilipomwuliza alimshukuru kwa lipi, akasema ni adabu.

Basi mama yako akanipima mguu kwa kamba ya mgomba, kutoka nyongani hadi kisiginoni, akafunga fundo. Akapima na baiskeli, kutoka kwenye kiti hadi pedeli ikiwa chini, akafunga fundo jingine. Kamba tukaitundika kwenye mbuni ulio karibu na uzio, ili Lemburis aone pengo lilivyo. Lemburis akapita, akaichukua. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Tangu hapo kimya. Anafanya nini na kamba yangu? Anafungia mbuzi? Sijui, na siwezi kumwuliza, na nikimtuma mama yako anarudi na jibu la "amesema amesikia".

Nimekasirika, Elinami. Nimekasirikia baiskeli, nimekasirikia fundi, nimekasirikia Simaloi na boma lake. Na wewe pia. Kila jambo likitokea huku unatuma kitu. Babu yako alipokufa ulituma blanketi. Mtoto wa kwanza wa Evaresta alipokufa ulituma sukari. Sasa umetuma magurudumu. Ningependa siku moja utume miguu yako.

Tafuta huko spana ya nati hii, mama yako atakuchorea ukubwa wake pembeni. Najua barua ikikufikia mtoto atakuwa ameshazaliwa au ameshazikwa. Nakuandikia hata hivyo, hasira hii nikiimeza yote peke yangu

Akheri, 31 Machi

Elinami, hapo juu ndipo mama yako alipoitupa kalamu. Sikumruhusu aanze ukurasa mpya wala afute lile doa la wino, acha uone lilivyokuwa.

Tulisikia mtu anakohoa nje ya uzio. Si kukohoa kwa kikohozi, ni kule kukohoa kwa mkwe. Mama yako akatoka. Mimi nikajifunika, lakini masikio hayafunikwi, nikasikia Lemburis anahema kama ng'ombe aliyepandishwa mlima. Alisema uchungu wa Evaresta umeanza yeye akiwa anakamua, amekuja mbio, na mama yake amebaki naye. Mikono ya Simaloi inatetemeka siku hizi, hata kikombe hawezi. Evaresta alikuwa peke yake tu, ukisema kweli.

Nikasema kwa sauti, nikiuambia ukuta, kwamba miguu haifiki. Ndipo nikasikia kitu kinagongwa. Lemburis alikuwa ametoa mfukoni vibao viwili vya mringaringa, amevichonga na kuvitoboa, na mipira ya tyubu kuukuu ya kufungia. Kiti kikikataa kushuka, basi pedeli zitapanda. Mama yako alishika baiskeli, yeye akafunga vibao juu ya pedeli, akavuta mipira mpaka ikalia, kisha akaenda kusimama nyuma, ameshika ule mti wake, amegeuka upande.

Nikatoka na kikapu changu. Nikapanda. Chuma kile kilichoinama, kilichochekwa na kanisa zima, nilikivuka na gauni langu bila kumwomba mtu msaada. Nikaweka mguu wa kulia, ukafika. Nikaweka wa kushoto, nikijua hautafika, maana tangu nyonga hii iharibike mguu huo ni mfupi, na mama yako alinipima wa kulia tu, mimi sikumwambia kitu. Ukafika. Nikatazama chini. Kibao cha kushoto ni kinene kuliko cha kulia.

Sikuwa na nafasi ya kushangaa, tulikuwa tumeshaondoka.

Nikueleze jambo moja kuhusu baiskeli, nawe hukunieleza. Usukani ule mpana unataka kwenda unakotaka wenyewe. Nililiona jiwe nikasema nisilikanyage, tukalikanyaga. Nikasema nisiuguse mgomba wa Philemoni, tukauangusha na mkungu wake, na Philemoni mwenyewe alikuwa chini yake. Nyuma nikasikia Lemburis anasema, si kwangu, maana kwangu hawezi kusema, "Baiskeli, mwambie aliyekukalia asitazame jiwe. Atazame njia."

Nikaona hiyo ni busara. Nikajibu, "Baiskeli, mwambie anayekusukuma apunguze mbio, mimi si gunia."

"Baiskeli, mwambie mbio si zangu, ni za mteremko. Arudishe pedeli nyuma, polepole."

Nikarudisha polepole. Ikatii. Elinami, ikatii. Ile kelele iliyotoka nyuma, krrr, ni nzuri kuliko kinanda. Tukashuka hivyo, mimi nakanyaga na kuachia, yeye ananing'inia na mti wake huko nyuma, na wanawake waliokuwa wanapandisha ndizi wakaweka mizigo chini. Hakuna aliyenisalimu. Waliduwaa tu. Nikawasalimu mimi.

Kabla ya mto matope yakatukamata. Yale matairi manene yanabeba udongo kama jembe, na madigadi, yale mabati ya kukinga matope, yamekaa karibu mno, udongo ukajaa ndani yake mpaka gurudumu la mbele likakataa kuzunguka. Hapo niliitukana baiskeli, na Mmarekani, na wewe, kwa Kimeru, kwa hiyo siyaandiki. Lemburis alizunguka kwa mbali, uso ameelekeza mlimani, akalishika lile digadi la mbele kwa mikono miwili akaling'oa, na boliti zake zote, akalitupa kwenye kahawa ya watu. Liko huko hadi leo. Gurudumu likazunguka.

Darajani nilishuka, nikavuka yale magogo kwa kushika ukingo, yeye akaibeba baiskeli kichwani. Na hapo, nikiwa nampa mgongo nikimngoja avuke, nikashindwa kunyamaza. Nikasema, "Baiskeli, mwulize huyo ni nani aliyemwambia kuhusu mguu wangu wa kushoto."

Maji yalikuwa mengi, nikadhani hakusikia. Alisikia.

"Baiskeli, mwambie mama yangu hakuna aliyeniambia. Miaka yote hii nikitoka njiani ili apite, nikirudi naona nyayo zake kwenye matope. Mguu wa kushoto unakanyaga kwa vidole tu. Tangu mwaka jana umezidi."

Elinami, baba yako naishi naye nyumba moja na hajaona. Mimi mwenyewe nilikuwa nauficha. Nikapanda, nikaiambia baiskeli tuondoke.

Kilima cha upande wa pili alinisukuma akihema kwa nguvu. Na mimi nilikanyaga, kidogo, maana kule kukanyaga mbele nilikuwa nimekuelewa. Sijui kama kulisaidia, lakini sikuweza kukaa kama malkia huku mtu anakufa nyuma yangu.

Mengine si ya barua ya mwanamume. Nitakuambia tu kwamba nilimkuta Evaresta amepiga magoti ameshika nguzo, na Simaloi analia pembeni, na kichwa kimeshatokea. Nilipitisha kidole. Kitovu kilikuwa kimezunguka shingo mara mbili, kimekaza. Safari hii nilikuwepo. Nilikilegeza, nikakipitisha juu ya kichwa, nikakirudia tena. Mtoto alitoka wa buluu. Hakulia. Nilimpuliza, nikamsugua mgongo, nikamkanya kama ninavyokukanya wewe. Simaloi akaacha kulia ili asikilize. Evaresta alikuwa ananitazama mikono tu.

Kisha akapiga chafya. Mtoto, si Evaresta. Akapiga chafya, akakasirika, akalia mpaka mbuzi wakatoka bandani.

Ni msichana. Simaloi amempa jina la mama yake, Nalepo, nami sikubishana, nimebishana naye vya kutosha mwaka huu. Mchungaji atambatiza baada ya Pasaka. Ana paji la uso la babu yako, lile la mtu anayetaka kuuliza swali.

Nilipotoka nje kunawa, Lemburis alikuwa amekaa nyuma ya zizi, uso ukutani, na baiskeli ameiegemeza kando yake. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Simaloi alikuwa amesahau kabisa kwamba mtoto ana baba. Nikageukia migomba. Nikasema, "Baiskeli, mwambie mwanangu ana binti, na mama yake mzima."

Nikasikia mtu mzima analia, nikajifunika kanga nikamwacha, maana hata hiyo ni heshima.

Sasa usidhani nimekusamehe, wala baiskeli sijaisamehe. Tulipokuwa tunarudi jioni ile, maana kulala huko sikulala, kisiki cha mbuni kililitoboa tairi la mbele, likachanika kama kiganja. Baba yako amezunguka maduka yote ya Arusha mjini, amekwenda hadi Ngaramtoni siku ya soko. Matairi membamba yamejaa, yananing'inia kila duka kama utumbo. La unene huu hakuna, na wenye maduka wanamwuliza kama anatafutia trekta. Fundi, yule yule wa nyundo, amesema tulijaze nyasi. Imesimama kwenye banda la mbuzi, tairi limelala, na beberu amekula kishikio kimoja cha usukani. Mtoto ana siku chache, Evaresta maziwa hayajatoka vizuri, anataka nikamkande kila siku, na mimi nimerudi kwenye kuburuta nyonga. Nimechoka kuliko nilivyokuwa kabla hujaituma, maana zamani sikujua kuna namna nyingine ya kwenda.

Kila jioni Lemburis anakuja anakohoa nje ya uzio, anamwuliza mama yako kama tairi limepatikana. Likikosekana anaondoka. Jana aliomba aletewe baiskeli hadi pale uzioni. Nikadhani anataka kulitazama tairi. Kumbe alikuwa anakaza mipira ya vibao, imelegea kwa mvua. Vibao viko pale pale juu ya pedeli, kinene kushoto, chembamba kulia, na mtu yeyote asiviguse, hata wewe.

Kwa hiyo sikiliza. Spana achana nayo. Kiti kikae hapo hapo kilipo. Ninachotaka ni tairi moja nene na tyubu yake, la ukubwa huo huo, Mmarekani wako anajua. Wala usilitie kwenye treni peke yake na karatasi ya jina. Livae begani, kata tiketi, upande nalo. Ulikuwa unachelea kuja kwa sababu huku kuna misiba mno, mama yako aliniambia, alidhani simjui mjukuu wangu niliyemlea. Sasa hakuna msiba. Kuna mtoto ambaye hajamwona ndugu yake, kuna baba yako ambaye kulima hawezi, na kuna mimi ambaye nyayo zangu mtu wa ukoo mwingine ndiye anayezisoma.

Baba yako anakusalimu kwa mkono wa kushoto. Mama yako ameandika salamu zake mwenyewe kwa nyuma, ndogo ndogo, akidhani sioni kwa kuwa sijui kusoma. Shangazi yako Evaresta anakusalimu sana, na Nalepo ambaye kwa sasa salamu zake ni kelele. Philemoni anakusalimu na kukumbusha mkungu wake. Lemburis anakusalimu: aliiambia baiskeli, baiskeli ikaniambia.

Mungu aliyemfungua yule mtoto shingo akufungulie na wewe ruhusa kwa bosi wako, akulinde na homa za pwani, akushushe stesheni Arusha mchana kweupe ili tukuone kwa mbali na lile duara jeusi begani.

Ni mimi nikupendaye hata nikiwa na hasira, na sasa ninayo,

Bibi yako,
Susana